Nyuzi tano zilizoniulia vifaranga

Julai ya mwaka juzi niliingiza bandani vifaranga 100 wa siku moja, na hadi wiki ya nne inaanza nilikuwa nimezika 31. Majirani zangu hapa Ipuli, Tabora, walikwisha kutoa hukumu kwamba huo ni ugonjwa wa mdondo, na mimi niliikubali hukumu hiyo kwa sababu ilinipunguzia lawama: mdondo huja na upepo, hauulizi mfugaji amefanya nini. Nilinunua dawa ya kuchanganya kwenye maji, nikabadilisha maranda yote, nikafukiza banda, na bado kila asubuhi nilikuta wawili au watatu wamelala kwa ubavu, wamebanwa na wenzao katika kona moja karibu na chungu cha mkaa.

Kijana wa duka la dawa za mifugo ndiye aliyeniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe. "Shikamoo mzee. Hao vifaranga usiku wanalala wametawanyika au wamerundikana?" Nilimjibu kwamba wamerundikana, tena wanapandana. Hakunipa dawa. Aliniuliza joto la bruda, yaani pale ninapowalelea vifaranga kwa joto la mkaa, ni nyuzi ngapi, nikamtajia kwa fahari, kwa kuwa nilikuwa nimetundika kipimajoto usawa wa migongo ya vifaranga na kila jioni nilikuwa nikiandika: wiki ya kwanza 35, ya pili 30, ya tatu 25, na usiku huo ndipo nilipokuwa nataka kushuka hadi 20. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma babaye, kisha akasema polepole, "Mzee, hiyo nyuzi tano umeitoa wapi?"

Niliitoa kwenye karatasi. Ilikuwa nakala ya nakala, imefifia, ina maelekezo kwa Kiswahili ambayo bila shaka yalitafsiriwa kutoka mwongozo wa Kimarekani, na ilisema hivi: wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35, kisha lipunguzwe nyuzi 5 kila wiki hadi vifaranga waote manyoya. Mwongozo wa asili, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, huanza na nyuzi 95 za Farenhaiti na kushuka nyuzi 5 za Farenhaiti kila wiki. Mfasiri aliibadilisha 95 ikawa 35 za Selsiasi, na hapo alipatia barabara. Ile tano akaiacha ilivyo, pengine kwa kudhani kwamba tano ni tano popote, na herufi ya kutambulisha kipimo haikuwapo mahali popote kwenye karatasi. Nyuzi 5 za Farenhaiti ni nyuzi 2.8 tu za Selsiasi. Kwa hiyo nilikuwa nawashusha vifaranga wangu kwa karibu mara mbili ya mwendo uliokusudiwa, katika mwezi ambao baridi ya usiku ya Tabora haihitaji msaada wangu. Wiki ya tatu walipaswa kuwa kwenye 29.4, mimi nikawaweka 25. Wiki ya nne walipaswa kuwa kwenye 26.7, na mimi nilikuwa najiandaa kuwaweka 20.

Niliporudi nyumbani nilimwita mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, nikamwomba aihakiki hesabu hiyo kwa simu yake. Aliandika 5, akachagua Farenhaiti kwenda Selsiasi, kisha akanyamaza. "Mjomba, inasema hasi kumi na tano." Tulitazamana. Punguza nyuzi hasi 15 kila wiki maana yake nini? Kumpunguzia mtu deni hasi ni kumwongezea, kwa hiyo kwa mujibu wa simu ile nilitakiwa kuwapandisha vifaranga hadi nyuzi 50 wiki ya pili, na 65 wiki ya tatu, joto ambalo huyeyusha nta ya nyuki. Simu haikukosea. Ilijibu swali ililoulizwa, yaani, ikiwa kipimajoto cha Farenhaiti kinasoma 5, kile cha Selsiasi kitasoma ngapi? Jibu lake ni hasi 15 kamili. Lakini sisi hatukuuliza kipimajoto kinasoma ngapi. Tuliuliza hatua tano za kipimo kimoja ni sawa na hatua ngapi za kingine. Hayo ni maswali mawili, na nadhani sisi tunaozungumza Kiswahili tuna nafasi ya kuyaelewa kuliko watu wengi duniani, kwa sababu tumekua tukiyatenganisha kila siku bila kujua.

Fikiria tiketi ya treni. Ikiwa imeandikwa kwamba treni itaondoka stesheni ya Tabora 14:00, hakuna mtu mzima hapa mjini atakayeshindwa kusema ni saa nane mchana: anatoa sita na kuendelea na shughuli zake. Mgeni anayesema "saa mbili" kwa kufuata saa yake ya mkononi tunamsahihisha mara moja. Sasa mwambie mtu yuleyule kwamba treni imechelewa kwa saa mbili. Je, atatoa sita au kujumlisha sita? Hata mtoto wa darasa la tatu hatafanya hivyo, kwa sababu saa mbili za kuchelewa ni saa mbili kwa Mswahili na kwa Mzungu pia. Sita ni ya kuonyesha mahali ulipo katika siku, kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na wao wanaanza usiku wa manane. Haihusiki kabisa na urefu wa muda. Katika joto, 32, ile namba inayotolewa au kujumlishwa ukibadilisha Farenhaiti na Selsiasi, ndiyo sita yetu. Inatumika unapotaja mahali kwenye kipimo, na inatupwa pembeni unapotaja kupanda au kushuka.

Tofauti iliyopo ni kwamba saa ya Kiswahili na saa ya kimataifa zina urefu mmoja, ilhali nyuzi za Selsiasi na za Farenhaiti hazilingani. Kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka usawa wa bahari, Selsiasi huhesabu hatua 100, kutoka 0 hadi 100, na Farenhaiti huhesabu hatua 180, kutoka 32 hadi 212. Mia na themanini kwa mia moja ni tisa kwa tano, na huko ndiko inakotoka ile kanuni ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni kama dua: kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32, ukirudi, toa 32 kwanza, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Neno la kushikilia hapo ni "kwanza". Mpwa wangu aliwahi kugawanya kabla ya kutoa, na kwa hesabu yake mtu mzima mwenye afya njema alikuwa na nyuzi 23, joto la maiti ya jana.

Kwa nini 32, na si namba nyingine yenye sura nzuri zaidi? Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 huko Danzig, mji ambao leo unaitwa Gdańsk na upo Polandi, akafanya kazi Amsterdam akiwa fundi wa vipimo vya kioo, na vipimajoto vyake vya zebaki vilisifika kwa sababu viwili alivyovitengeneza yeye vilisoma sawa, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Mwaka 1724 alieleza alivyoweka alama zake: sifuri ilikuwa baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, 32 ilikuwa barafu na maji matupu, na 96 ilikuwa joto la mwili wa mtu mzima asiyeumwa. Kati ya 32 na 96 kuna hatua 64, namba unayoweza kuikata nusu mara sita hadi ufike moja, na yeyote aliyewahi kuchora mistari iliyolingana kwa mkono ataona faida yake. Baadaye kipimo kilirekebishwa ili maji yachemke kwenye 212 kamili, na mwili wa binadamu ukajikuta umehamia 98.6.

Msweden Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala, alitoa kipimo chake mwaka 1742, tena kikiwa kichwa chini miguu juu: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Muda mfupi baadaye kikageuzwa kuwa kama tunavyokijua. Jina la Selsiasi lilipitishwa rasmi mwaka 1948 kuchukua nafasi ya sentigredi, ingawa wazee wangu na hata mimi mwenyewe bado tunasema sentigredi pasipo mtu kutulaumu.

Ile 98.6 inastahili neno lake. Wamarekani huitaja kana kwamba imepimwa kwa uangalifu wa sonara, hadi sehemu ya kumi ya uzi, wakati chanzo chake ni namba iliyokadiriwa. Daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, alichapisha mwaka 1868 matokeo ya vipimo vingi mno vya joto la wagonjwa, akasema wastani wa mtu mwenye afya ni 37 za Selsiasi. Thelathini na saba ni namba nzima, na anayeitaja anajua kwamba mtu anaweza kuwa 36.5 asubuhi na 37.3 jioni bila ugonjwa wowote. Ukiipitisha kwenye kanuni inatoka 98.6, na desimali ile inavaa joho la uhakika ambao 37 haikuwahi kudai. Mambo ya namna hii huwa yananiudhi kidogo, kwa sababu kila anayebadilisha kipimo anapaswa kubadilisha pia kiasi cha uhakika, na hapo ndipo watu huacha kazi njiani.

Kuna njia ya mkato inayosambazwa sana: ukitaka Selsiasi, toa 30 kisha gawanya kwa 2, ukitaka Farenhaiti, zidisha kwa 2 kisha jumlisha 30. Ni nyepesi, na nilikuwa naitumia mimi mwenyewe hadi usiku mmoja uliponiponya. Njia hiyo inatoa jibu sahihi katika mahali pamoja tu, nyuzi 10 za Selsiasi ambazo ni 50 za Farenhaiti, na kadiri unavyosogea mbali na hapo ndivyo inavyopotoka. Kwa mtu aliyeko Ulaya wakati wa majira ya baridi haina madhara. Kwa Tabora ya mwezi wa kumi, wakati embe zinaanza kuiva na joto linafika 32 mchana, inakupa 94 badala ya 89.6. Kwa mwili wa binadamu ni hatari kabisa.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Kama saa tano, mama mmoja jirani alibisha hodi akiwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na kipimajoto cha kidijitali mkononi, zawadi ya ndugu yake anayeishi Marekani. "Shikamoo baba. Samahani kwa kukuamsha. Hiki kitu kinasema mia moja na moja. Mia si ndiyo maji yanachemka?" Kioo kilionyesha 101.3. Nikaanza kwa mazoea: toa 30, inabaki 71.3, nusu yake ni 35.65. Kwa hesabu hiyo mtoto alikuwa amepoa kupita kiasi, na ningemshauri mama yake amfunike blanketi la pili. Lakini nilikuwa nimegusa paji la uso la mtoto, na mkono ulikataa. Nikachukua kipande cha karatasi nikaifanya tena kwa njia ambayo mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alinifundisha na ambayo siku hizi ndiyo ninayoitumia peke yake: jumlisha 40, zidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9, kisha toa 40. 101.3 ukijumlisha 40 ni 141.3; tano ya tisa yake ni 78.5, toa 40, inabaki 38.5. Homa, basi, wala si kuchemka. Hapa kwetu homa ya mtoto mdogo haisubiri kukuche, wakaenda kupima usiku uleule, ikakutwa malaria, akaanzishiwa dawa.

Ile 40 si mazingaombwe. Vipimo hivi viwili vinakutana kwenye hasi 40: mtu akikwambia ni hasi arobaini huna haja ya kumuuliza ya nani. Ukijumlisha 40 unakuwa umeviweka vyote viwili kwenye mstari mmoja wa kuanzia, kama pande mbili za futi ya fundi cherehani, inchi huku na sentimita kule, zote zikianzia kwenye kichwa kilekile cha chuma. Toka hapo kinachobaki ni ukubwa wa hatua tu, kisha unarudisha 40 yako uliyoazima. Uzuri wake ni kwamba inafuata utaratibu uleule uende ama urudi: jumlisha 40, badilisha hatua, toa 40. Huna la kukumbuka kuhusu kipi kianze.

Asiyependa karatasi anaweza kuhifadhi ngazi kichwani, kwa kuwa kila nyuzi 5 za Selsiasi ni 9 za Farenhaiti kamili: 10 ni 50, 15 ni 59, 20 ni 68, 25 ni 77, 30 ni 86, 35 ni 95, 40 ni 104. Mimi nina mbili za ziada ambazo mpwa wangu amezipenda kuliko zote, kwa sababu zinajigeuza kama kioo: 16 ni 61, na 28 ni 82, kwa kukadiria sehemu ndogo tu ya uzi. Asubuhi za Juni tunapoota moto wa mabua zinakaribia ile ya kwanza, na mchana mwingi wa hapa Unyamwezini unakaribia ile ya pili.

Nilipomsimulia shemeji yangu wa Urambo, anayelima tumbaku ya kukausha kwa mvuke, alicheka kisha akanyamaza. Katika bani lake, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, mna kipimajoto chenye pande zote mbili, na maelekezo aliyoyazoea yanasema aanze karibu na 95 majani yageuke njano, apandishe taratibu, nyuzi mbili kila saa, hadi mwisho afike 160 na kitu vikonyo vikauke. Hizo zote ni za Farenhaiti. Anayesoma upande wa Selsiasi na kupandisha mbili za upande huo atakuwa anapandisha karibu nne za Farenhaiti kila saa, na jani likipandishiwa joto haraka kabla halijakauka hugeuka kahawia. "Kumbe," alisema, "mwaka ule wa bani la pili." Hakuendelea, nami sikumuuliza, bei ya daraja la chini ni jambo la aibu mezani.

Makosa ya hatua za Farenhaiti yana historia ndefu katika njia yetu hii. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, na Februari 1858 wakawa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ili kujua urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari walichemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Nimejaribu mwenyewe jikoni: hapa Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, birika linachemka karibu na nyuzi 96, ambazo ni 205 za Farenhaiti, kwa Kigoma, kwenye mita 770 na kitu, inakaribia 97.4, au 207. Angalia jinsi nafasi ilivyo ndogo. Uzi mmoja wa Farenhaiti katika kuchemka kwa maji unabeba zaidi ya futi 500 za mlima. Wao waliliweka Ziwa Tanganyika chini kuliko lilivyo kwa mamia ya futi, na kwa kosa la namna hiyo hakuhitajiki uzembe mkubwa. Kipimajoto kinachosoma uzi mmoja na nusu zaidi ya inavyostahili kinatosha.

Mwaka huu nimeingiza vifaranga tena, 80, na karatasi ya zamani nimeichoma kwenye chungu kilekile. Mpya ameiandika mpwa wangu kwa kalamu ya wino mzito, ikiwa na safu mbili, Farenhaiti kushoto na Selsiasi kulia, herufi ya kipimo ikiwa mbele ya kila namba hata pale ambapo haihitajiki. Nilimwelekeza aandike 35, 32.2, 29.4, 26.7. Yeye aliandika 35, 32, 29, 27, akaniambia kwamba kipimajoto chetu hakina mistari ya desimali na vifaranga nao hawana. Nikaibandika ukutani kama ilivyo. Wapo wiki ya tatu sasa, na jana usiku nilipochungulia na tochi walikuwa wamelala mmojammoja, wametawanyika kwenye maranda, na mmoja amelalia kipimajoto.